Bwawa la Samaki na Baridi ya Julai

Mji wa Nairobi umekaa juu ya usawa wa bahari kwa futi zaidi ya 5,000. Kwa hiyo, ijapokuwa u karibu na Ikweta, una majira yake ya baridi. Mvua za masika zikwishapo mwezi wa Mei, mawingu huziba jua tangu Juni hata Agosti. Watu wa Kibera na Kawangware hujifunika mablanketi, lakini samaki aliye bwawani nyuma ya nyumba hana joto lake mwenyewe. Joto lake ndilo joto la maji.

Tangu mwaka wa 2009, Serikali ya Kenya ilipogharimia uchimbaji wa maelfu ya mabwawa, ufugaji wa samaki umejulikana sana nchini. Ngege ndiye apendwaye na wengi, naye ni samaki wa maji ya moto. Maji yakishuka chini ya digrii 20 huacha kuzaa, na hamu yake ya kula hupungua. Hapo ndipo wafugaji wengi hupata hasara: humwaga chakula kama kawaida, chakula huoza, na uozo hula hewa iliyomo majini. Alfajiri samaki huonekana wakitweta juu ya maji, na kabla ya adhuhuri wamekwisha kufa.

Basi mwezi wa Mei yafaa kuvua samaki waliokomaa, kuondoa matope na majani, na kuhakikisha kwamba kina cha maji hakipungui mita moja, kwa maana maji machache hupoa upesi. Huko Kibera, ambako nafasi ni haba, mwenye kutumia tangi akumbuke kuwa tangi lililo juu ya ardhi hupoa kuliko shimo. Usiku lifunikwe kwa nailoni, pakiachwa upenyo wa hewa. Maji machafu yatolewayo ni mbolea njema kwa sukuma wiki za magunia. Maji ya mfereji yakae siku moja au mbili katika chombo kilicho wazi, dawa yake ipungue.

Chakula kitolewe kidogo, saa sita au saa nane mchana, na kilichobaki kiondolewe. Vifaranga wapya wangoje hata Septemba.

Zaidi ya yote, bwawa lizungushiwe ua imara. Samaki waliokufa hununuliwa wengine. Mtoto wa jirani hanunuliwi.