Uhispania: Chini ya kamba za kome, samaki wanajipatia makao

Katika mkoa wa Galicia, kaskazini-magharibi mwa Uhispania, wakaaji wa pwani wanafuga kome baharini. Kome ni mnyama mdogo mwenye magamba mawili meusi, anayeliwa sana Ulaya. Ufugaji wa kutumia vyelezo ulianza huko katika miaka ya 1940. Leo kuna vyelezo zaidi ya 3,000, na vingi viko katika ghuba ya Arousa.

Kila chelezo kimeundwa kwa mbao, mara nyingi za mkaratusi. Chini yake zinaning'inia kamba ambazo zinaweza kufika 500, kila moja ikiwa na urefu wa mita kama 12. Kome wanajishika kwenye kamba hizo na hawapewi chakula na mtu. Wanachuja maji na kula viumbe vidogo mno, ambavyo vinastawi kwa sababu ya maji baridi yenye rutuba yanayopanda kutoka vilindi vya Atlantiki.

Lakini kome hawakai peke yao. Kamba zinajaa mwani, minyoo na kaa wadogo, na samaki wanafuata chakula hicho. Watafiti waliochunguza matumbo ya samaki wa Arousa walikuta kwamba kaa mmoja mdogo wa kwenye kamba, Pisidia longicornis, ni chakula muhimu cha samaki wanaokaa karibu na sakafu ya bahari.

Faida hiyo ina gharama yake. Kinyesi cha kome kinashuka chini na kurundikana kuwa tope lenye oksijeni kidogo, ambamo viumbe vingi haviwezi kuishi. Basi chakula ambacho samaki anakikosa kwenye tope, anakitafuta kwenye kamba.

Kwingineko, samaki ndiye anayeleta hasara. Katika Mediterania, huko Ufaransa na Kroatia, samaki aitwaye dorada ana meno yenye nguvu ya kuvunja magamba. Kundi lake likivamia shamba, mfugaji anaweza kupoteza mavuno mengi kwa muda mfupi. Ndiyo maana wengine wanazungushia kamba zao nyavu.

Swali linalobaki ni hili: je, mashamba hayo yanaongeza samaki, au yanawakusanya tu waliotoka kwingine? Kama samaki wanakua na kuzaana humo, hata mvuvi wa mbali atanufaika. Kama wamekusanyika tu, na wavuvi wakawafuata papo hapo, watamalizika upesi kuliko walipokuwa wametawanyika.

Jambo moja linawasaidia: nyavu za kukokota haziwezi kupita katikati ya kamba na nanga za vyelezo. Kwa samaki anayewindwa kila upande, hilo pekee ni kimbilio.