Sababu ya saratani ya utumbo kuhamia kwenye ini

MGONJWA wa saratani ya utumbo mpana anapofariki, aghalabu si uvimbe ulio utumboni uliomuua, bali ni ule uliochipuka mbali nao, hasa kwenye ini. Kwa nini ini?

Jibu la kwanza ni njia. Damu itokayo matumboni hairejei moyoni moja kwa moja. Hupitia kwanza kwenye ini, kwa mshipa mkubwa unaolipa kiungo hicho takriban robo tatu ya damu yake. Seli ya saratani ikijing'oa utumboni na kuingia katika mkondo huo, kituo chake cha kwanza ni humo.

Hata hivyo, njia peke yake haitoshi. Mnamo 1889, daktari mpasuaji Mwingereza, Stephen Paget, alichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi wa kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti. Hoja yake ilikuwa kwamba mbegu hutawanyika kila upande, lakini humea tu penye udongo unaozifaa.

Udongo wa ini una rutuba ya kutosha. Hiki ni kiungo kinachoweza kujijenga upya hata baada ya theluthi mbili zake kukatwa. Seli zake kuu hutoa kichocheo cha ukuaji kiitwacho IGF-1, ambacho hukuza pia seli ngeni. Kando yake zimo seli zenye umbo la nyota, ambazo kwa kawaida huhifadhi vitamini A. Zikichokozwa na saratani hubadili tabia: hufuma nyuzi za kolajeni zinazoushikilia uvimbe, na kuchochea mishipa mipya ya damu ya kuulisha.

Si kwamba ini limekosa walinzi. Seli za Kupffer, zilizojibanza kwenye kuta za vijishipa vyake, humeza seli nyingi za saratani pindi zinapowasili. Lakini uvimbe ukishaota, walinzi hao hao wanaweza kuugeukia na kuusaidia.

Kuyakata mawasiliano hayo kumekuwa kibarua kigumu. Dawa zilizobuniwa kuizima IGF-1 hazikuleta nafuu iliyotarajiwa zilipojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo; yamkini ukifunga mlango mmoja, seli hupitia mwingine. Kwa sasa tegemeo kubwa ni upasuaji, pale uvimbe wa ini unapokuwa haujasambaa mno, pamoja na tibakemia. Baadhi ya waliopasuliwa huishi miaka mitano na zaidi. Ndiyo maana madaktari husisitiza kwamba damu katika choo isichukuliwe kuwa bawasiri tu kabla ya kupimwa.