Tujifunze Kuandika Programu (3): Kupekua Ni Sehemu ya Kazi

Katika sehemu ya pili tulianza, kwa lugha ya Python, programu ndogo ya mnunuzi wa zabibu: jina la mkulima, namba yake ya simu, kilo alizoleta. Kabla ya kuendelea, nina neno kwa kijana wa Nkuhungu anayeandika mistari miwili, akashika simu kutafuta namna ya kuandika wa tatu, na moyoni akajiona hafai.

Unafaa. Chukua namba ile ya simu. Ukiiamuru Python iigeuze kuwa namba kamili, sifuri ya mwanzo inapotea. Kutambua kwamba namba ya simu ni ya kuhifadhiwa kama maandishi, kwa kuwa hakuna anayejumlisha simu mbili, ni kazi ya akili yako, na hapo ndipo pa kutolea jasho. Lakini kwamba Python huhesabu tarakimu zake kwa len, ilhali JavaScript hutumia length, ni makubaliano tu ya watunzi. Makubaliano hayagunduliwi kwa kufikiri, husomwa.

Lugha ya PHP inalionyesha hili vizuri zaidi. Fanksheni ya in_array hutaka utaje kwanza unachokitafuta, kisha orodha. Strpos hutaka kinyume: maandishi kwanza, unachokitafuta baadaye. Hata aliyeizoea PHP ana sababu ya kufungua mwongozo. Wala hitaji la mwongozo si jipya: Ken Thompson na Dennis Ritchie, watunzi wa mfumo wa Unix kule Bell Labs, waliandika mwongozo wa mfumo wao tangu Novemba 1971, wakati watumiaji wake walikuwa wachache tu.

Ninachokihofia ni kunakili bila kusoma. Ukipata jibu, lisome, lifunge, kisha uandike mwenyewe. Badilisha kitu kimoja uone programu inakataa wapi.

Na bando likiisha? Python hubeba maelezo yake: andika help(str.strip), nayo yatatokea bila intaneti. Mwongozo mzima nao hupakuliwa bure kwenye tovuti yake, ukakaa kwenye kompyuta. Maelezo ya help ni ya Kiingereza, na najua hilo huwakatisha wengi tamaa. Anza na mifano iliyomo mwongozoni. Mingi ni mifupi, ijaribu kwanza, ndipo urudi kwenye maelezo.

Sehemu ya nne itahusu ujumbe wa kosa wa Python, ambao tutausoma kuanzia mstari wa mwisho.