Msongamano wa Mbinguni

Siku mwanaanga wa Marekani John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, tarehe 20 Februari 1962, kimoja katika vituo vilivyofuatilia safari yake kilikuwa Tunguu, Unguja, na mafundi wake walishughulika na msafiri peke yake, kwa kuwa mbingu zilikuwa karibu tupu na wa kugongana naye walikuwa haba mno. Leo mkazi wa Buganguzi, wilayani Muleba, akitoka nje baada ya magharibi siku isiyo na mawingu, hahitaji ala yoyote ya falaki ili azione setilaiti zikikata juu ya migomba yake. Zilizo hai zimekwisha kupita elfu kumi, na aghalabu zimerushwa baada ya mwaka 2019.

Yamkini atauliza: ikiwa vituo wanamokaa watu viko kama kilomita 400 juu, na setilaiti nyingi za intaneti karibu kilomita 550, hatari yatoka wapi? Jawabu ni kwamba hewa ya huko, ijapokuwa hafifu mno, hukipunguzia mwendo kila kipitacho, hata setilaiti iliyokwisha kazi, ishukapo kwenda kuungua, sharti ikatize njia ya watu. Na kwa mwendo wa zaidi ya kilomita saba kwa sekunde, kipande cha chuma kisichozidi punje ya buni chaweza kutoboa ukuta wa kituo.

Mwezi wa Julai 2021, na tena Oktoba, kituo cha China, Tiangong, kilizihepa setilaiti za intaneti za Starlink, za kampuni ya Marekani. China ikashitaki kwa Umoja wa Mataifa, Marekani ikajibu kwamba hatari haikufikia kiasi cha kuonya. Novemba ya mwaka huohuo Urusi iliilipua setilaiti yake yenyewe, na watu saba wa Kituo cha Kimataifa (Warusi wakiwamo!) wakakimbilia vyombo vyao vya kurudia. Mkasa huu wa pili ulivuma zaidi, lakini kwangu mimi mzito ni ule wa kwanza, kwani humo hamkuwa na uadui wala uharibifu, bali wenye vyombo wawili wasio na sheria ya kuamua nani ampishe nani. Mkataba wa 1972 wa dhima ya madhara ya vyombo vya angani wataja fidia tu, nayo huja baada ya msiba.

Na msiba wenyewe ulikwisha kukaribia: Novemba 2025 dirisha la Shenzhou-20, chombo cha kuwarudisha wanaanga wa Tiangong, lilionekana lina ufa, uliodhaniwa kutokana na kipande kidogo cha taka za angani. Wanaanga wake watatu wakashuka tarehe 14 kwa chombo cha wenzao, na hao wenzao wakabaki juu bila chombo cha kuaminika cha kurudia mpaka kilipofika kingine, tarehe 25.