Dishi au bando? Hesabu ya televisheni kisiwani Mafia

Mjini Kilindoni, ukiulizia televisheni utaonyeshwa dishi. Madishi yapo juu ya mapaa ya bati, mengine yamekazwa kwenye nguzo pembeni mwa nyumba, na mengi yameanza kushika kutu kwa chumvi ya bahari. Katika baadhi ya miji ya bara na Unguja wapo wanaopata televisheni kwa waya, ile inayoitwa kebo, na kuilipia kila mwezi. Mafia kazi hiyo inafanywa na dishi na king'amuzi. Sasa dishi limepata mshindani anayekaa mfukoni: simu yenye bando.

Swali linaloulizwa na vijana wengi ni hili: mechi, tamthilia na taarifa ya habari zote zimo kwenye simu, ya nini kuendelea kulipia king'amuzi? Ni swali la haki, maana fedha ya kulipia vyote viwili haipo katika nyumba nyingi. Linahitaji kujibiwa kwa hesabu ya Mafia yenyewe, kwa sababu jibu linalomfaa mtu wa Masaki, Dar es Salaam, mwenye intaneti ya nyumbani ya bei moja kwa mwezi, huenda likamtia hasara mtu wa Kirongwe au Jibondo.

Mechi ina mwenyewe

Tanzania Bara ilichelewa kupata televisheni. Zanzibar ilikuwa na kituo chake cha rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara vituo vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Mabadiliko makubwa yaliyofuata yalikuja usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia. Tangu hapo neno king'amuzi likaingia majumbani, na pamoja nalo likaingia jambo jipya: malipo ya kila mwezi ili kuona picha.

Azam TV ilianza mwishoni mwa mwaka 2013. Mei 2021, Azam Media na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) walisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Anayetaka kuipima faida ya kuhamia kwenye simu aanze na mkataba huo. Mechi ya Simba na Yanga haielei tu hewani ikimsubiri mwenye simu. Ina mwenye haki, na mwenye haki anauza kwa dishi na anauza pia kwa programu yake ya simu. Ligi ya England nayo, kwa mtazamaji wa Tanzania, imekuwa kwa DStv kwa miaka mingi, kwa king'amuzi na kwa programu.

Kwa hiyo anayekata king'amuzi ili aone mpira kwenye simu bado atamlipa yule yule mwenye matangazo, kisha atalipa mara ya pili kwa kampuni ya simu ili picha imfikie. Malipo hayo ya pili ndiyo yanayosahaulika watu wanapolinganisha bei.

Saa moja inakula kiasi gani

Netflix, iliyofungua huduma zake Tanzania Januari 2016 pamoja na nchi nyingine zaidi ya mia moja, yenyewe inakadiria kwamba picha ya kiwango cha kawaida hutumia karibu GB 1 kwa saa, na picha ya kiwango cha juu hufika GB 3. Mwaka 2021, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliweka bei elekezi ya data kati ya Sh2.03 na Sh9.35 kwa MB moja. Tuchukue hiyo ya chini kabisa, ili tusiionee simu.

Kwa Sh2.03, MB 1,000 ni Sh2,030. Nyumba inayotazama saa mbili kila jioni itatumia kama GB 60 kwa mwezi, sawa na Sh121,800, na hapo ni picha ya kawaida tu. Mechi moja, ukiweka dakika 90 na mapumziko, ni takriban saa mbili: zaidi ya Sh4,000. Ofa za usiku na za wiki zinaweza kupunguza gharama, lakini atakayefanya hesabu kwa bando lake mwenyewe ataona kwamba kifurushi cha king'amuzi ambacho familia nyingi hulipia hakikaribii fedha hiyo.

Ipo njia ya kubana matumizi. Ukishusha ubora wa picha, saa moja inaweza kuishia MB 300 hivi, na kwenye kioo kidogo cha simu macho hayalalamiki sana. Ila picha hiyo hiyo ukiihamishia kwenye televisheni ya inchi 32 sebuleni, mpira hauonekani ulipo na namba za jezi hazisomeki.

Kisha kuna idadi ya watazamaji. Jioni tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti ya Kiswahili inapoanza, mbele ya televisheni moja huwa yupo bibi kwenye mkeka, mama aliyemaliza kupika, watoto wawili na jirani aliyeingia kuomba chumvi akakaa. Kifurushi ni kimoja kwa wote, na akiongezeka mtu wa sita hakuna kinachopanda. Hao hao ukiwapa kila mmoja simu yake, gharama ni mara tano, na bibi ambaye hajazoea simu ya kugusa amebaki nje. Kwa kisiwa ambacho watu bado hukaa pamoja jioni, hii ni fedha na ni ujirani pia.

Setilaiti haichoki, mnara huzidiwa

Tofauti hiyo ya bei inatokana na namna teknolojia hizi mbili zinavyofanya kazi. Setilaiti humwaga mawimbi yake juu ya eneo zima kwa wakati mmoja. Wakitazama watu 10 au watu milioni 10, haizidiwi wala haipungukiwi. Mnara wa simu hufanya kinyume: uwezo wake hugawanywa kwa kila anayeutumia saa hiyo. Ndiyo maana video inayokwenda vizuri saa nne asubuhi huanza kuzunguka zunguka saa mbili usiku, na siku ya watani wa jadi, Simba na Yanga, kila mtu akifungua mechi ile ile kwa simu yake, picha inaganda hata kwa aliyenunua bando kubwa.

Dishi nalo lina maradhi yake, na Mafia yanajulikana. Mawimbi ya Azam hutoka kwenye setilaiti iliyo nyuzi 7 mashariki, hivyo ukiwa Mafia dishi hutazama magharibi, likielemea kidogo kaskazini, na kuinuliwa kiasi cha nusu ya mbingu. Upande huo ukiwa na mnazi, makuti yake yakikua yanaziba njia na chaneli zinaanza kukatika upepo unapovuma. Mafia ni kisiwa cha minazi, na mafundi hapa hupima mti kabla ya kupima dishi. Mvua kubwa ya masika hukata picha kwa muda. Chumvi hula LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, na kula nati na boliti zinazolishika. Kifaa kikifa na duka la Kilindoni likawa limeishiwa, kipya kinasubiriwa kutoka Dar es Salaam kwa kupitia bandari ya Nyamisati.

Hata hivyo, dishi halitegemei nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu upande wa kusini, na intaneti ikazorota Tanzania nzima na nchi jirani. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ilichukua siku kadhaa kurejea. Siku kama hizo, nyumba ambayo habari zake zote zinapitia kwenye bando hubaki gizani, wakati redio na dishi la jirani vinaendelea. Kwa watu wa kisiwani, wanaohitaji kujua hali ya hewa kabla chombo hakijang'oa nanga, njia ya pili ya kupata habari ni jambo la usalama.

Simu inapostahili ushindi

Wapo ambao kwao simu ni chaguo bora, na ni wengi. Wavuvi wanaokwenda dago hukaa siku nyingi kwenye kambi mbali na nyumbani, na dishi hawawezi kulibeba. Mwalimu au muuguzi aliyepangiwa kituo kipya, anaishi peke yake katika chumba cha kupanga na hajui atahamishwa lini, hana sababu ya kutoboa paa la watu. Mwanafunzi anayejisomea fizikia au hesabu kwa video za YouTube anapata simuni kitu ambacho king'amuzi hakimpi: kurudisha nyuma na kusikiliza tena mpaka aelewe.

Kuna suala la umeme pia. Kwa miaka mingi Mafia imetegemea jenereta za mafuta, mbali na gridi ya taifa, na katika visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo nyumba nyingi zimejipatia mwanga kwa sola. Simu inachajiwa kwa paneli ndogo ya kuwashia taa mbili. Televisheni na king'amuzi vinahitaji paneli kubwa zaidi na betri ya kuhimili. Kwa nyumba ya namna hiyo, kulazimisha dishi ni kununua gharama mbili.

Utende, kwenye hoteli za wageni wanaokuja kupiga mbizi ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, intaneti imekuwa sehemu ya huduma. Msimu wa papa potwe, kuanzia Oktoba hivi, kijana wa boti anayerekodi na kupakia video za samaki huyo anatumia bando kama mtaji. Bando la kazi lisichanganywe na bando la kujiburudisha, maana la kwanza linarudisha fedha.

Na kwa anayependa filamu zaidi ya matangazo ya moja kwa moja, ipo hila halali: kupakua. Penye waifai ya ofisini au ya hotelini, filamu na masomo hupakuliwa mara moja na kutazamwa nyumbani bila kugusa bando. Netflix imeruhusu hilo tangu mwishoni mwa mwaka 2016. Mpira wa moja kwa moja ndio usiopakulika, na mpira ndio unaowaweka wengi kwenye ving'amuzi.

Ushauri kwa kaya

Kabla ya kukata kifurushi, kaeni nyumbani muandike kwa mwezi mmoja mnachotazama kweli. Nyumba nyingi hulipia chaneli nyingi na kutazama chache. Mkiona ni mpira wa nyumbani na tamthilia tu, shukeni kifurushi badala ya kuhama. King'amuzi hulipiwa kabla na hakina mkataba wa mwaka, kwa hiyo ligi ikienda mapumziko mnaweza kuacha kulipa na kurudi msimu ukianza. Muulizeni fundi kama antena inashika chaneli za bure mlipo, au kama dishi kubwa la futi sita, linalonunuliwa mara moja bila malipo ya mwezi, linatosha kwa habari na burudani zenu.

Kwa mechi za Ulaya, anayetazama moja kwa wiki afikirie kibanda umiza, lile banda la kutazama mpira kwa kiingilio. Kiingilio chake ni kidogo kuliko bando la mechi nzima, na fedha hiyo inabaki kwa mwenye kibanda hapo hapo mtaani.

Nyumba ya watu watatu na zaidi, yenye umeme wa uhakika, ibaki na dishi, na bando liwe la masomo, mawasiliano na kazi. Anayeishi peke yake, anayehamahama au anayetegemea sola ndogo, ahamie kwenye simu bila wasiwasi, ila ashushe ubora wa picha na apakue anapoweza.

Deni la wenye dhamana

Haya yote yanatokana na jinsi intaneti inavyouzwa kisiwani leo, na hali hiyo inaweza kubadilishwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 66,000 wilayani Mafia. Watu hao si wachache kiasi cha kuachwa wanunue intaneti kwa kijiko, MB kwa MB, wakati miji ya bara inauziwa kwa mwezi bila kuhesabiwa GB. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kufikisha huduma pale ambapo kampuni peke yake zinaona hakuna faida. Kisiwa ndicho mahali pa namna hiyo. Minara ikiongezwa peke yake haitoshi. Inahitajika njia pana ya kuiunganisha minara hiyo na bara, na huduma ya nyumbani yenye bei moja kwa mwezi, kuanzia Kilindoni hadi Bweni, na kuvuka hadi Chole, Juani na Jibondo.

Mwaka 2027, Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika. UCSAF, TCRA na kampuni za simu wana muda wa kuhakikisha mtoto wa Jibondo anaitazama Taifa Stars ikicheza nyumbani bila baba yake kuchagua kati ya bando na unga. Huduma hiyo ikifika, makala haya yatakuwa yamepitwa na wakati, na itakuwa heri. Mpaka hapo, mwenye familia kisiwani Mafia aliache dishi lake paani, apogoe makuti yanayoliziba, na bando alitunze kwa yale ambayo dishi haliyawezi.