Akiba ya Utulivu

Watu wanaomwendea mtaalamu wa mambo ya nafsi kwa sababu ya hamaki zao, aghalabu hawamwendei siku ile walipohamaki, bali huja baada ya siku kadha wa kadha, ghadhabu ikiwa imekwisha shuka na haya imeingia mahali pake, na ombi lao huwa ni moja, nalo ni kuonyeshwa la kufanya saa ile hasira inapopanda. Ombi hilo ni la haki, lakini ndani yake mna dhana isiyo sahihi, kwamba utulivu ni kitu cha kutafutwa wakati unapohitajiwa, ilhali mtu hutulia kwa akiba aliyojiwekea kabla, na yule asiyekuwa nayo, hata akiwa mwema na mwenye elimu, hatapata wasaa wa kuitafuta pale anapotukanwa hadharani, au anapokuta kwamba fedha za karo ya mtoto zimetumiwa kwa jambo jingine.

Rai hii si yangu, wala si ya jana. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyezaliwa yapata mwaka 850 karibu na mji wa Balkh, katika nchi tuiitayo leo Afghanistan, akafariki mwaka 934, na ambaye walio wengi wanamjua kwa ramani zake kuliko kwa tiba, alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, akakigawa sehemu mbili: ya kwanza juu ya kuihifadhi siha ya mwili, na ya pili juu ya mambo manne yanayoitaabisha nafsi, yaani ghadhabu, hofu, huzuni, na wasiwasi usiomwachilia mtu. Aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuushughulikia mwili na kuiacha nafsi, kana kwamba kimoja huweza kuugua mwenziwe akabaki salama. Katika mashauri yake limo hili, kwamba kama vile mtu mwenye busara anavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya maradhi ya ghafula, hali yeye ni mzima, ndivyo apaswavyo kuweka moyoni fikira njema alizozizingatia wakati wa faragha, ili ghadhabu au hofu itakapomjia bila hodi azikute zi tayari. Zaidi ya miaka elfu imepita, na mimi sijamwona aliyelieleza jambo hili vizuri kumshinda.

Kwa nini fikira hizo zisitengenezwe papo hapo? Jibu limo mwilini. Mwaka 1911 Walter Cannon, mwalimu wa fani ya utendaji wa mwili katika Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na mwenzake, alionyesha kwamba paka aliyebwekewa na mbwa huonekana katika damu yake dutu inayotoka katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, dutu tuiitayo adrenalini. Na mwaka 1915 akatoa kitabu kizima juu ya mabadiliko yanayoupata mwili katika maumivu, njaa, hofu na ghadhabu. Moyo huenda mbio, ini hutoa sukari, damu huondoka tumboni ikaenda kwenye misuli ya mikono na miguu, na kiumbe huwa tayari ama kupigana ama kukimbia. Matayarisho hayo yalimfaa sana mwenye kukutana na simba. Lakini yule aliyesimama mbele ya karani anayemwambia arudi kesho hawezi kupigana, wala hakuja pale ili akimbie, na kwa hiyo hubaki na nguvu zote zile hana pa kuzitia isipokuwa ulimini. Hali kama hiyo haimpi mtu nafasi ya kutunga hekima mpya. Akipata ya kulikumbuka lile alilolizoea, amepata jambo kubwa.

Na hapa pana jambo ambalo watu wengi hulistaajabia nikiwaeleza: adrenalini haidumu katika damu, bali sehemu yake kubwa huondoka katika muda wa dakika chache. Basi imekuwaje mtu aliyekerwa asubuhi awe angali akitetemeka baada ya sala ya Isha? Imekuwa hivyo kwa sababu mchana kutwa amekuwa akijisimulia kisa chake, akiongeza jibu ambalo angalilitoa, na jibu la jibu, na kila asimuliapo tezi zile huitikia upya kana kwamba karani yu mbele yake. Wapo washauri wanaosema kwamba dawa ni kuitoa hasira nje, kwa kupiga mito au kuvunja sahani, jambo ambalo huwapendeza sana wenye hasira. Mwanasaikolojia Brad Bushman wa Marekani alilipima shauri hilo, akalitangaza mwaka 2002: aliwatia hasira wanafunzi 600 kwa kuzilaumu vikali insha zao, kisha akawaacha wengine walipige gunia la mazoezi ya ndondi huku wakimfikiri aliyewalaumu, wengine walipige wakifikiri siha ya miili yao, na wengine wakae kitako tu bila ya kufanya lolote. Wale waliopiga huku wakimfikiri mbaya wao ndio waliotoka na hasira nyingi kuliko wote, na waliokaa kitako ndio waliokuwa wapole zaidi katika kulipiza.

Akiba ya kwanza, basi, ni pumzi. Uko mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaotoka chini ya ubongo, ukapita shingoni, ukaufikia moyo na matumbo, na kazi yake mojawapo ni kuupunguzia moyo kasi. Otto Loewi, aliyekuwa mwalimu katika mji wa Graz, Austria, ndiye aliyetangaza mwaka 1921 namna mshipa huo unavyotenda: aliuchochea kwenye moyo wa chura hata ukaenda polepole, kisha akayachukua maji ya chumvi yaliyokuwa yakiuosha moyo ule akayatia katika moyo wa chura wa pili, nao ukapunguza mwendo. (Alisimulia mwenyewe kwamba wazo lile lilimjia usingizini, akaliandika, asubuhi asiweze kuusoma mwandiko wake; lilipomrudia usiku wa pili akatoka kitandani akaenda moja kwa moja kwenye maabara.) Sasa, kila tuvutapo pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, na kila tuitoapo, vagasi huurudisha nyuma, kwa hiyo mwenye kuishusha pumzi kwa taratibu, kwa muda mrefu kuliko ule wa kuivuta, akafikia pumzi sita hivi kwa dakika badala ya kumi na mbili mpaka ishirini za kawaida, huusaidia moyo kwa njia ambayo maneno hayaiwezi. Lakini afanye hivyo kila usiku kabla ya kulala, siku ambazo hakuna ugomvi wowote, mpaka mwili uizoee njia. Atakayeanza siku ya ugomvi atajikuta akihema tu.

Akiba ya pili ndiyo ile ya al-Balkhi, ya fikira zilizotayarishwa, wala si ya kuimeza hasira. Kumeza hasira si kutulia, kwani uchunguzi alioufanya James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford umeonyesha kwamba mwenye kuficha uso wake huku moyo umechafuka humpunguzia mtazamaji habari, lakini mwili wake mwenyewe huzidi kutaabika, hali yule aliyelitazama jambo kwa jicho jingine kabla halijamchoma hutaabika kidogo. Chukua mwenye duka ambaye kila mwisho wa mwezi hujiwa na mteja anayedaiwa, mwingi wa maneno na mchache wa fedha. Siku anaijua, sura anaijua, na neno litakalomuudhi analijua kwa herufi zake; kwa nini basi asubiri litamkwe ndipo alitafutie maana? Usiku wa kuamkia siku hiyo na akate shauri kwamba neno lile ni sauti ya mtu aliyebanwa na aibu ya deni, na achague kabisa jibu atakalolitoa, fupi, lenye adabu, pamoja na daftari la deni mezani. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliyeandika vitabu vitatu juu ya ghadhabu, alikuwa na ada ya kujihasibu kila usiku taa ikiisha ondolewa, akiyapitia aliyoyasema na kuyatenda mchana, na ada hiyo ndiyo inayofaa kuilisha ghala ya fikira, kwa sababu mwenye kujihasibu hugundua upesi kwamba mambo yanayomkasirisha si mengi kama alivyodhani, bali ni machache yanayorudi.

Wengine huniuliza kama haya hayamfanyi mtu kuwa mnyonge wa kuonewa na kila apitaye. Al-Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, alikwisha lipa swali hilo haki yake katika kitabu chake kiitwacho Ihya, alipoyaweka makundi matatu ya watu mbele ya ghadhabu, na asiyekasirika kabisa akamhesabu kuwa na kasoro kama aliyepindukia, kwa maana mtu kama huyo hatailinda heshima ya watu wake wala hatamzuia dhalimu. Nami naongeza kwamba nimeona mwenye sauti ya chini akisikilizwa barazani wakati ambapo mwenye kupiga kelele ameachwa apige mpaka achoke.

Yote hayo yanamhusu mtu mzima wa afya. Anayelala saa chache kila usiku hana haja ya kuanza na fikira, na aanze na usingizi. Na yule ambaye alikuwa mpole maisha yake yote, kisha katika miezi michache akageuka kuwa mwepesi wa hamaki, akawa na mapigo ya moyo ya haraka, kutokwa na jasho, mikono kutetemeka na mwili kupungua ilhali anakula vema, asijilaumu kwa tabia wala asiende kutafuta waadhi, bali aende hospitali akapimwe damu, kwani tezi ya shingoni ikizidisha kazi huleta hali hiyohiyo, na dawa zake zipo. Kadhalika mwenye hasira iliyofuatana na huzuni isiyokwisha, au iliyoanza baada ya ajali au vita, huyo ana maradhi ya kutibiwa na tabibu, na makala ya gazeti haitoshi.