Mgahawa Unaopika kwa Hesabu ya Mwezi

"Mwezi jana umeuona?"

Hilo ndilo jibu nililopewa na mama mwenye mgahawa nilipomuuliza kama ana dagaa.

Nilikuwa nimeshuka basi Kilwa Masoko saa kumi kasoro alasiri, kilomita zipatazo 300 kutoka Dar es Salaam, njaa imenibana tangu Somanga. Pale Somanga wachuuzi walitujia dirishani na samaki wa kukaanga, abiria wenzangu wakanunua, mimi nikajizuia. Nilitaka kula mbele ya maji. Mgahawa wenyewe ni banda la makuti lenye meza nne, mabenchi, ndoo ya kunawia yenye bomba, na mlango wa nyuma uliokuwa wazi kuelekea baharini. Ng'ambo kinaonekana Kilwa Kisiwani, ambako wageni wengi huja kutazama Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, magofu yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Bei za vyakula hazikuandikwa popote. Unauliza, unaambiwa kilichopo.

Nikamjibu kwamba mwezi nimeuona, mkubwa, karibu ungesomea gazeti.

"Basi mwanangu, dagaa utawapata wapi? Dagaa wanataka giza. Leo kuna pweza. Maji yametoka vizuri asubuhi."

Kwa sisi tuliokulia mbali na bahari, maneno hayo yanahitaji kufunguliwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haiwavuti, na wavuvi wake hupumzika siku kadhaa hadi giza lirudi. Lakini mwezi huohuo ukipevuka huleta bamvua, na pia unapoandama. Maji hujaa sana, kisha hupwa mbali sana, na pwani hii kupwa huko huangukia mnamo saa nne asubuhi. Mwamba unabaki wazi, na akina mama wanashuka kwa miguu, kanga zimefungwa kiunoni, kila mmoja na chuma chake, kwenda kuchokoa pweza mashimoni. Wiki moja baadaye yanakuja maji mafu, mwamba haufichuki vizuri, na pweza anakuwa adimu. Juu ya hayo kuna pepo. Kaskazi ikivuma bahari hutulia, vyombo vikaenda mbali kutafuta nguru na jodari. Mimi nilifika Julai, katikati ya kusi, wakati ngalawa nyingi huvua ndani ya miamba na kurudi na changu, tasi na pono.

Yule mama alikuwa na hesabu hiyo yote kichwani, na ndiyo iliyoamua atapika nini.

Aliniruhusu nikae jikoni. Pweza alikuwa ameshapigwapigwa pale pwani ili alainike. Akamsugua kwa chumvi mpaka utelezi ukatoka wote, akamtia katika sufuria kavu, bila hata tone la maji, akafunika. Nilidhani amesahau. Baada ya muda mfupi akafunua kunionyesha: pweza amejikunja, mikono imepinda kama vishikizo vya vikombe, na chini yake pana mchuzi wa rangi ya zambarau aliouleta mwenyewe. "Huyu anajipika kwa maji yake," akasema. Ukimwongezea mengine unamwondolea utamu. Wakati huo binti yake amekalia mbuzi anakuna nazi. Tui la kwanza, lile zito, likawekwa pembeni. La pili ndilo lililoanza kuingia pamoja na kitunguu saumu, tangawizi na bizari. Tui zito lilifuata mwisho, moto umepunguzwa, anakoroga upande mmoja tu ili lisikatike. Akamalizia kwa ndimu.

Nililetewa na wali na kachumbari, nikanawa, nikala kwa mkono. Nyama ya pweza ilikuwa laini lakini ina ukinzani kidogo kwenye jino, na ladha ya bahari ilikuwa bado imo ndani yake, nazi haikuifunika. Nimewahi kula pweza katika hoteli moja kubwa ya ufukweni, nikatafuna mpaka taya likauma, halafu mhudumu akakiri kwamba pweza huyo alikaa kwenye friza wiki mbili. Bahari ilikuwa hatua hamsini kutoka mezani kwangu. Jambo hilo lilinisikitisha kuliko bei niliyolipa.

Mama huyu huwahi pwani kabla mnunuzi mwenye mizani hajamaliza kupima, kwa kuwa pweza wa pwani hii ana wateja mpaka Ulaya, Italia na Hispania wakiwemo. Samaki nao wana haraka yao. Zamani gari lilivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, samaki aliyevuliwa Kilwa akiwekwa kwenye barafu jioni anaweza kuuzwa Dar es Salaam kesho yake. Wavuvi wamepata soko, na nawafurahia. Mgahawa wa meza nne ndio unaolazimika kuamka mapema zaidi.

Pweza wadogo hawachukui. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, ila yeye alinipa sababu yake: "Mtoto huyo, mwache akue." Naye hukua upesi mno. Pweza huishi kama mwaka mmoja hivi, na miezi michache tu humtosha kuongezeka uzito mara kadhaa. Ndiyo maana wanakijiji wa Songosongo, katika wilaya hiihii, wamewahi kufunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa, wakaifungua siku za bamvua. Natamani wageni wanaokuja kuona magofu wangeambiwa na habari hiyo pia.

Siku ya tano bamvua ilikuwa imekwisha na upepo ulivuma usiku kucha. Nilipofika mchana, ngalawa zilikuwa zimelala mchangani na jikoni kulinukia nazi tupu. Kijana mmoja mwenye begi mgongoni alisimama mlangoni akaulizia samaki.

"Leo bahari haikutoa, baba. Kuna muhogo wa nazi."

Kijana akaangalia meza, akashukuru, akaenda zake. Mama hakumwita arudi. Alinipakulia muhogo, akaweka pilipili pembeni, akaenda kusimama kwenye mlango wa nyuma kutazama maji.

"Giza likiingia," akasema bila kugeuka, "uje kwa dagaa wako."